Mrenda Uliofungwa Uzi

Mrenda, ile mboga ya majani ya kuteleza, niliung'oa mimi. Wacha niseme mapema kabla hujasikia kwa Chepkurui, mwenye ploti, maana yeye akisimulia ataongeza kwamba nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano ya kwanza ya Aprili, nimekunywa chai ya strungi tupu, bila maziwa, na roho yangu ilikuwa safi kabisa. Nilitaka kusaidia. Watu wengi wameharibiwa mambo na mtu mwenye anataka kusaidia.

Ploti yetu iko Free Area hapa Nakuru, nyumba kumi za mabati, tano zinaangalia tano. Mimi na jirani yangu Sitati tunagawana ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti ya zamani. Mtu wa upande huu akipiga chafya, wa upande ule anasema pole. Kwa hivyo usiniulize nilijuaje hili na lile. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimelala kitandani kwangu, nimenyamaza kama mtu mwenye heshima, na masikio yalikuwa yanafanya kazi yao.

Mbele ya milango yetu kuna kipande cha ardhi, urefu kama wa lori. Mpaka Februari kilikuwa kaburi la slipas, betri za redio na nepi. Nanyama, bibi ya Sitati, aliomba kwa Chepkurui akakubaliwa. Basi yeye na bwana yake wakaingia. Walitoa gunia saba za takataka. Udongo wetu wa Nakuru unajua vile uko, ukiupiga jembe unaruka juu kama unga, unakuingia puani unakaa mpaka Jumapili. Sitati akalima mara mbili, mara ya kwanza kwa jembe, mara ya pili kwa foku, lile jembe la meno, akivunja mabonge na mkono kama mtu anachambua mchele. Wakaleta mbolea ya ng'ombe kutoka Njoro kwa mkokoteni wa punda, kavu, imeiva, haina harufu. Wakachanganya na jivu la jiko. Mvua ya kwanza iliponyesha, ploti nzima tulitoka nje kunusa hicho kipande. Mtu na akili yake anasimama hapo, anavuta pumzi, anasema "aah!" kama ni pilau.

Halafu Nanyama akamwaga mbegu. Hakuweka laini. Alitupa hivi, hivi, kama mtu anarushia kuku mahindi. Mimi nilikuwa kazini, sikuona. Laiti ningeona.

Kwa sababu mimi nimezaliwa Rongai kwa mahindi na ngano. Kwetu mmea wa maana unasimama kwa laini kama mtoto wa shule asubuhi. Kitu kimesambaa ovyo ni kwekwe, na kwekwe dawa yake ni mkono. Diploma ninayo, lakini ni ya kuhesabu vitu kwa stoo. Nilitazama shamba la jirani nikaona laini moja tu ya dania, na pande zote fujo ya kijani imefika kwa goti. Nikasema, maskini Nanyama, kwekwe imemshinda. Nikainama. Kwa nusu saa sikuacha hata kijiti. Niliacha dania peke yake, imesimama katikati kama bwana arusi ambaye wageni wamekataa kuja.

*

Nanyama alitoka na beseni na kisu, anaimba.

"Baba Chepchirchir, unafanya nini hapo?"

"Sapraizi!" nikamwambia, nikapangusa mikono.

Aliangalia. Akaangalia tena upande wa pili, labda shamba limesonga. Akageuza beseni juu chini, akalikalia.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Mrenda yangu."

"Mrenda ndio gani?"

"Ile yote."

"Yote gani?"

"Ile *yote*, Kiptanui!"

Hajawahi kuniita Kiptanui. Kwake mimi ni Baba Chepchirchir tangu waingie hii ploti.

"Sasa hiyo umeng'oa umeweka wapi?" akauliza haraka. "Nipatie nirudishe kwa udongo saa hii, mvua iko."

Nilinyoosha kidole upande wa geti. Mbuzi wa Chepkurui alikuwa anamalizia, macho amefunga kama mtu anasikiliza kwaya.

"Umepatia mbuzi."

"Alikuwa na njaa."

Nanyama akaanza kucheka. Si kicheko cha kawaida, ni kile kinaanza mahali pabaya kifuani na hakijui kitatokea wapi. Alicheka mpaka akashika ardhi. Alipoinua uso nilitamani anipige tu na beseni tumalize.

"Jumamosi mama anamleta Valarie," akasema.

Hapo nikakaa chini mimi pia.

Valarie ni msichana wao, miaka saba. Kiwanda kilipopunguza watu mwaka jana na Sitati akapunguzwa, wiki mbili waliishi kwa uji, na mama yake Nanyama akatoka Kimilili, kule magharibi, akamchukua mtoto bila kubishana. Tangu hapo Sitati amekuwa akipiga simu kila Jumapili, mtarudi lini, mtarudi lini. Mpaka mwezi wa pili huyo nyanya, wanamwita Kukhu, akajibu hivi, na nilimsikia mwenyewe maana simu ya Sitati ina spika kama ya kanisa: "Mtoto hakuli ahadi. Siku nitakula mboga kutoka udongo wenu wenyewe, si ya duka, si ya soko, siku hiyo nitamwacha hapo. Nikikosa, narudi na yeye, na shule atafungulia huku kwangu."

Ndio maana walilima mara mbili.

*

Usiku huo ukuta ulinong'ona.

"Tumwambie asikuje," Nanyama alisema.

"Ukimwambia asikuje, ataelewa nini?"

"Tuko na dania."

"Dania si mboga. Dania ni manukato."

Halafu Sitati, na sauti ya mtu ameona mwanga: "Mrenda ya soko inauzwa na mizizi, ama?"

"Wengine wanauza na mizizi. Kwa nini?"

"Kiptanui!" Sitati akaita, bila kuinua sauti. "Najua hujalala."

"Nimelala," nikajibu.

"Ijumaa asubuhi una nafasi?"

*

Sokoni tulimpata msichana anaitwa Natasha, kucha ndefu, ulimi mrefu zaidi. Mrenda wake ulikuwa umelala kwa gunia, umefungwa mafungu, mizizi inaning'inia na udongo kidogo.

"Boss, karibu. Ngapi?"

"Tunataka yenye mizizi mizuri," Sitati akasema.

"Mizizi? Mnataka ya kupika ama ya kuzika?"

"Ya kupanda."

Natasha aliweka mkono kiunoni. Halafu akageukia wenzake, akaita kama anauza shamba zima: "Wasichana! Kujeni muone! Wanaume wawili, wameoga vizuri, wanataka kupanda mrenda imeng'olewa jana!"

Walikuja. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni amuonyeshe. Mzee wa viazi akaacha mteja. Sitati alisimama hapo, mtu mrefu, aliyekuwa msimamizi wa mashine mbili, anachagua mrenda mmoja mmoja kama anachagua miwani, na jasho linamtiririka shingoni.

"Brathe, ikimea nipigie," Natasha akasema. "Niko na nyanya zimeoza hapa, nitaleta pia zifufuke."

"Mtoto wangu anarudi kesho," Sitati akamwambia, polepole tu.

Natasha akanyamaza. Akatuongezea mafungu manne ya bure, akafunga vizuri na gazeti bichi. "Msizike sana shingo," akasema. "Na mwagilie maji usiku. Na msiambie mtu mlinunua kwangu."

Mafungu ishirini na tisa. Nililipa mimi, na hakuna mtu alinipigania bili.

*

Mvua ilianza saa nane, ile ya kutoka upande wa mlima Menengai, inakuja kama mtu anasukuma meza. Hatukungoja iishe. Nanyama alikuwa anatoboa mashimo na mwiko wa ugali, Sitati anaingiza mrenda, mimi nafukia na vidole viwili. Nilikatazwa kutumia vitatu. Chepchirchir wangu, ambaye ni fundi wa nguo, alitolewa kwa cherehani akashika mwavuli, ukageuka ndani nje, akaendelea kuushika hivyo hivyo kama bakuli. Tulikuwa tumelowa mpaka mifupa na tulikuwa tunacheka kama wajinga. Sitati aliteleza akakalia dania, akaamka na laini ya kijani matakoni, Nanyama akasema, "Basi hata hiyo imeenda, sasa wewe ndio shamba."

Chepkurui alitokea mlangoni kwake na kikombe cha mursik, maziwa yao ya kugandisha.

"Sitati, umepata kazi ama umepata wazimu?"

"Zote mbili, Mama."

"Hiyo kitu haitasimama."

"Itasimama mpaka kesho jioni. Baada ya hapo hata ikianguka, sawa."

Asubuhi ilikuwa haijasimama. Jua lilitoka kali bila adabu, na mrenda wote ulikuwa umelala chini, mstari kwa mstari, kama watu wametoka kwa harusi. Nanyama aliangalia mara moja tu. Aliingia ndani akatoka na ufagio wa njiti, akaukata kamba. Chepchirchir akaleta uzi mweusi wa kushonea. Kutoka saa moja mpaka saa nne tulifunga mrenda mia mbili na kitu kwa njiti za ufagio, kila mmoja fundo mbili, majani yakiwa yamenyunyiziwa maji na chupa yenye mashimo. Ukisimama getini, ukikaza jicho moja, lilikuwa shamba zuri kuliko yote Free Area.

Shida ni kwamba Kukhu hangesimama getini. Kwao Wabukusu, mama mkwe na bwana ya binti yake hawaangaliani uso, hawapeani mkono, na nyumba ya mkwe mama haingii kamwe. Kwa hivyo sebule yake ilikuwa nje, kiti kimoja cha mbao kati ya mlango wa Sitati na shamba. Tungetaka kuficha hilo shamba hatungepata mahali pabaya zaidi pa kuweka kiti.

"Na wewe?" nikamuuliza Sitati.

"Mimi nitakuwa ndani, nyuma ya pazia. Wewe utakuwa unapeleka maneno."

*

Kukhu alifika saa saba kwa boda, mama wa umbo dogo, raba nyeusi, kikapu kikubwa mgongoni. Mbele yake Valarie. Mtoto alikuwa amerefuka, meno mawili ya mbele hayapo. Alisimama sekunde moja akaangalia mama yake, akaangalia pazia, halafu akapita kati yetu wote kama risasi, akaingia ndani. Tulisikia kishindo, halafu sauti ya Sitati, ambayo si sauti, ni pumzi tu.

Kukhu akakaa, mgongo kwa mlango.

"Huyu ni nani?"

"Jirani, mama. Kiptanui," nikajibu mwenyewe.

"Mwambie mwenye nyumba mulembe."

Mlango ulikuwa hatua mbili. Nikageuka na hiyo salamu yao. "Mwenye nyumba, mulembe."

"Mwambie mama mulembe sana," pazia likasema. "Habari ya safari."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Lakini sema."

Nikasema. Aliitikia na kichwa kama ni habari mpya kabisa. Halafu akashuka kwa kiti, akaenda shambani.

Alipita polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Alichota udongo akausaga kwa vidole, akaunusa. Nikaona ameupenda huo udongo, uso ulilegea kidogo. Halafu akashika mrenda mmoja, akauvuta na vidole viwili tu. Ukatoka wote, na njiti, na uzi.

Alisogea akashika mwingine. Na mwingine.

"Khane," akasema, hiyo ndio kumbe ya kwao. "Hii mrenda imefungwa uzi kama jino ya mtoto."

Nanyama alifunika uso na leso.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Wao walipanda vizuri. Ilikuwa imefika hapa kwa goti. Mimi nikafikiria ni kwekwe nikang'oa yote, nikapatia mbuzi."

"Yote?"

"Niliacha dania."

Aliniangalia kutoka viatu mpaka kofia. "Kwa hivyo mboga ya udongo wao iko kwa tumbo ya mbuzi."

"Ndiyo, mama."

"Mbuzi ni ya nani?"

"Ni yangu," Chepkurui akasema kutoka mlangoni kwake.

"Basi tuchinje mbuzi, tupike mrenda."

Chepkurui hakungoja kujua kama ni mzaha. Alimshika mbuzi wake pembe, akaingiza ndani ya nyumba, akafunga komeo. Sisi wengine tulicheka mpaka Nanyama akalazimika kushika ukuta. Hata pazia lilitikisika.

Lakini Kukhu alikuwa hacheki. Alirudi kwa kiti, akachukua kikapu.

"Nilisema mboga ya udongo wenu. Sikusema ya soko. Valarie! Toka twende. Gari za Njoro zitajaa." Alikuwa amepanga kulala kwa binamu yake huko, kesho yake apande gari ya kwao.

Kicheko kiliisha kama mtu amezima stima. Nanyama alibaki amesimama na mwiko, matope yamekauka kwa kucha.

"Valarie!"

"Naam, Kukhu!" kutoka ndani.

"Toka twende."

"Kuja wewe!"

Kukhu aliinuka na hasira. Alifika kizingitini, akainua mguu, na mguu ukabaki hapo juu, raba nyeusi inaelea. Akaurudisha chini. Akaangalia pazia. Akatuangalia sisi. Naapa hakuwa amelifikiria hilo jambo mpaka hapo, na sisi pia hatukuwa tumelifikiria.

"Mwambie mwenye nyumba amtoe."

"Mwenye nyumba, unaambiwa umtoe."

"Mwambie mama mtoto amenishika shingo."

"Mama, mtoto—"

"Nimesikia." Akafikiri. "Nanyama, ingia umtoe."

"Mama, niko na ugali kwa moto." Jiko lilikuwa hapo mbele yetu sote, baridi, kuku amelalia.

"Wewe basi, jirani. Ingia umtoe."

"Mimi, mama?" nikasema. "Mimi nilitoa vitu vya wenyewe Jumatano. Mkono umestaafu."

Chepkurui akapaza sauti nyuma ya komeo, "Na mimi nimeshika mbuzi!"

Kukhu alikaa. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinapanda taratibu kama maji kwa bomba bovu. Kilipofika juu kilimwangusha kilemba. Alicheka akipiga goti, akisema kwa lugha yao maneno ambayo Nanyama alikataa kututafsiria.

Alipotulia, akafungua kikapu. Akatoa nguo za Valarie, si za siku mbili, zote, mpaka sweta ya shule. Akatoa cheti cha kuzaliwa kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Chini kabisa akatoa kitambaa chenye fundo, ndani mbegu nyeusi za mrenda, ndogo kama baruti.

Nanyama aliona kile cheti akakaa chini kwa udongo, hapo hapo, na rinda la kanisa.

"Kwa hivyo ulikuwa unatujaribu, mama."

"Nilikuwa nataka kula mrenda," Kukhu akasema. "Amka. Ng'oa hizi fimbo."

Tuling'oa. Nanyama akachanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, na Kukhu akamwaga, hivi, hivi, mkono mwepesi. Akasema kwa wiki nne nitamwagilia mimi, asubuhi na jioni, na nikiona kitu chochote kinaota, nisikiguse mpaka niulize mtu wa magharibi. Nikakubali mbele ya mashahidi. Valarie alitoa kichwa nje ya pazia, akauliza kama amepona kurudishwa Kimilili. Akaambiwa amepona. Akapiga kelele ile ya mtoto hana meno ya mbele, nyumba zote kumi zikasikia.

*

Saa kumi na moja boda ilirudi kumchukua Kukhu. Nanyama alikuwa ameenda mferejini na Valarie kujaza mitungi, tuliwasikia wakibishana nani abebe mkubwa. Kikapu kilikuwa kitupu, chepesi, kimelala mapajani kwake. Hakuamka.

Alizungusha kiti. Miaka kumi, ukitoa ile hasira ya mchana, huyo mama hajawahi kuelekeza uso kwa mlango wa mkwe wake. Sasa aliuelekeza, na hakuniangalia mimi mpeleka maneno.

"Sitati," akasema.

Ndani nilisikia Sitati akisogea karibu na pazia.

"Usiku Valarie amekuwa akilala hapa." Akagusa mgongo wake, chini ya bega. "Nimezoea joto. Agosti shule ikifungwa, mtanipatia yeye?"

Mwenye boda akazima injini. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilikuwa sina mzaha hata mmoja. Sitati hangeweza kumjibu moja kwa moja, na sikupewa neno la kupeleka.

"Hata wiki moja," Kukhu akaambia pazia. "Hata siku nne."